Kibao cha Katikati Ndicho Kinachoamua: Namna ya Kujifunza Kodi za Meja na Maina kwenye Piano

Wanafunzi wengi wanaonijia hapa Dodoma ni waimbaji wa kwaya waliokabidhiwa kinanda kwa ghafla, kwa kuwa aliyekuwa akikipiga alikuwa mtumishi wa serikali na sasa amehamishiwa mkoa mwingine. Huja na simu iliyojaa picha za vibao vilivyopakwa rangi, kila picha ikionyesha kodi moja, nao wamejitahidi kuzikariri picha hizo kama mtu anavyokariri namba za simu za ndugu zake. Siku ya kwanza huwaomba wazifunge. Kodi za msingi za meja na maina ni 24, na anayezikariri moja moja huanza kuzichanganya kabla hajafika ya kumi. Lakini anayejua kuhesabu hadi saba anaweza kuzijenga zote 24 mwenyewe, pamoja na zile ambazo hajawahi kuonyeshwa na mtu.

Kodi ninayoizungumzia, bila shaka, si ile inayolipwa serikalini. Ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja na kusikika kama kitu kimoja. Kwa kuwa tunaishi penye mashamba ya zabibu, mimi huwaambia wanafunzi waifikirie kama kichala: punje ni nyingi, lakini kikonyo ni kimoja, na ukikiinua kikonyo zote huja. Kikonyo hicho ni ile sauti ya chini inayoipa kodi jina lake, nami katika maelezo haya nitaiita mzizi.

Kukifahamu kinanda kabla ya kukipiga

Piano kamili ina vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, ilhali vinanda vya umeme tunavyovikuta kwenye kwaya zetu kwa kawaida vina vibao 61. Kwa somo hili tofauti hiyo haina uzito, kwa sababu mpangilio wa vibao 12 ndio unaojirudia tangu kushoto hadi kulia. Tazama vibao vyeusi: vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto kabisa mwa kila kundi la vyeusi viwili ni C, na kilicho kushoto kabisa mwa kila kundi la vyeusi vitatu ni F. Ukishavijua hivyo viwili, vyeupe vingine utavitaja kwa kufuata herufi C, D, E, F, G, A, B, kisha C tena. C ya katikati, ambayo ndiyo mahali pazuri pa kuanzia mkono wa kulia, ni C ya tatu kutoka kushoto kwenye kinanda cha vibao 61, na ya nne kwenye piano kamili.

Kibao cheusi hutajwa kwa jirani yake mweupe. Kile kilichoko kati ya D na E huitwa D shapu ukikitazama kutokea D, na E flati ukikitazama kutokea E. Ni kibao kilekile, kama vile mtu mmoja anavyoitwa baba na watoto wake na mjomba na watoto wa dada yake.

Waimbaji waliolelewa na tonik solfa, yaani mfumo wa kuimba kwa do, re, mi, wanahitaji tahadhari moja hapa. Katika solfa, do huhama: leo iko kwenye C, kesho mwalimu wa kwaya anaipandisha iwe kwenye E flati, na nyimbo zinaandikwa vilevile. Herufi za kinanda hazihami. C ni C asubuhi na jioni. Kwa hiyo katika hatua hizi za mwanzo tuchukue kwamba do ni C, na tutarudi kwenye suala la kuhama baadaye.

Namna ya kuhesabu hatua

Hatua moja, ambayo wanamuziki wengine huiita nusu toni, ni umbali wa kutoka kibao kimoja hadi kile kinachokifuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi. Kutoka C hadi C shapu ni hatua moja. Kutoka E hadi F nako ni hatua moja, kwa sababu katikati yao hakuna kibao cheusi, na ndivyo ilivyo pia kati ya B na C. Sehemu hizo mbili ndizo zinazowapoteza wengi, kwani jicho hudhani kwamba kila kutoka cheupe hadi cheupe ni sawa.

Kosa la pili ni kukihesabu kibao ulichoanzia. Ukipanda daladala pale Sabasaba na kuambiwa ushuke kituo cha nne, huhesabu Sabasaba kuwa cha kwanza. Unaanza kuhesabu gari likishaondoka. Kwenye kinanda ni hivyohivyo. Mwanafunzi anayepata kodi yenye mlio wa ajabu huku akiapa kwamba amehesabu sawasawa, karibu kila mara amekihesabu kituo alichopandia.

Kodi ya meja

Kanuni ya meja ni hatua nne, kisha hatua tatu. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye C. Hesabu nne: C shapu, D, D shapu, E. Hapo kwenye E weka kidole cha kati. Kutoka E hesabu tatu: F, F shapu, G. Hapo weka kidole kidogo cha mwisho. Bonyeza vyote vitatu kwa wakati mmoja na usikilize. Hiyo ndiyo C meja, na katika solfa ni do, mi, so, sauti ambazo mwimbaji yeyote wa kwaya anazijua tangu siku ya kwanza ya kupasha sauti.

Usiharakishe kwenda kwenye kodi ya pili. Kodi moja iliyopigwa vizuri inafundisha zaidi ya kumi zilizoparamiwa, na kuna mambo matatu ya kuyakagua hapohapo. La kwanza ni kama sauti zote tatu zimeanza pamoja, kwa maana kidole cha mwisho ni dhaifu na mara nyingi huchelewa, hata kodi ikasikika kama mtu anayekwaruza ukuta kwa fimbo. La pili ni kidole cha shahada na kidole cha pete, ambavyo havina kazi katika kodi hii: visilale juu ya D na F, bali viinuke kidogo bila kukakamaa. La tatu ni kifundo cha mkono, ambacho kinapaswa kuwa sawa na usawa wa vibao, si kuning'inia chini ya ukingo wa kinanda. Nimewaona vijana wenye masikio mazuri sana wakiacha kupiga baada ya mwezi mmoja kwa maumivu ya kifundo, na chanzo kilikuwa kiti kifupi tu. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi, panga viwili kimoja juu ya kingine.

Sasa jenga F meja kwa kuhesabu mwenyewe. Utafika A, kisha C. Jenga G meja, utafika B, kisha D. Kodi hizi tatu, C, F na G, zimekaa kwenye vibao vyeupe vitupu, na mkono unazishika kwa umbo lilelile. Kwa tatu hizo peke yake unaweza kuzisindikiza nyimbo nyingi mno za ibada, za harusi na za shule.

Kodi ya maina, ambako tofauti ni hatua moja tu

Rudi kwenye C meja na ukiache kidole gumba kwenye C na kidole cha mwisho kwenye G, bila kuvisogeza. Kisogeze kidole cha kati peke yake, kutoka E kwenda kushoto hatua moja, hadi kwenye kibao cheusi cha E flati. Bonyeza. Hiyo ni C maina. Ukihesabu sasa, utakuta hatua tatu kisha nne, yaani zilezile saba kutoka chini hadi juu, ila zimegawanywa kinyume.

Wakati fulani nilikuwa nikimfundisha mama mmoja mwimbaji wa sauti ya pili, mtu mzima ambaye hakuwahi kugusa kinanda. Nilimwomba afumbe macho, nikapiga C meja, nikaiacha ilie, kisha nikaisogeza sauti ya katikati. Alifumbua macho akaniuliza, "Mwalimu, mbona amenuna?" Hakuuliza mbona sauti imebadilika, kwake kodi ilikuwa mtu, naye mtu huyo alikuwa amenuna. Tangu siku hiyo sijapata neno zuri zaidi la kumwelezea anayeanza, ingawa ni lazima niongeze kwamba maina si huzuni wakati wote. Wimbo wa maina wenye mdundo wa kasi unaweza kuwainua watu vitini, na wimbo wa meja unaopigwa polepole msibani unaweza kuwaliza. Jifunze kuisikia tofauti hiyo ya kibao kimoja, na hisia uziache ziamuliwe na wimbo wenyewe.

Kwa nini meja hutulia sikioni

Jambo hili linamhusu zaidi mwanafunzi wa Dodoma kuliko anavyodhani. Uzi wa zeze ukitetemeka, hautoi sauti moja. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila kipande huongeza sauti yake ndogo juu ya ile kuu. Ukiihesabu ile kuu kuwa ya kwanza, sauti ya nne, ya tano na ya sita katika mlolongo huo zikichukuliwa pamoja ndizo do, mi, so. Kodi ya meja, kwa hiyo, haikubuniwa na aliyetengeneza piano. Ilikuwamo ndani ya uzi. Muziki wa jadi wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, umejengwa juu ya mlolongo huohuo wa sauti asilia, na ndiyo maana ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na uimbaji wa sauti nyingi, kama ule uliojulikana nje ya nchi kupitia mwanamuziki Mgogo Hukwe Zawose, unajaa sauti zinazokubaliana namna hii. Aliyekua akisikia ilimba hahitaji kufundishwa meja upya. Anahitaji kuonyeshwa ilipo kwenye kinanda.

Tofauti moja ataisikia, naye asidhani kwamba sikio lake lina kasoro. Piano imegawanya vibao vyake 12 kwa umbali ulio sawa, ili mtu aweze kuanzia popote, na gharama ya usawa huo ni kwamba mi ya piano iko juu kidogo kuliko mi ya asili. C ya katikati hutetemeka karibu mara 261.6 kwa sekunde. Mi ya asili juu yake ingekuwa 327.0, lakini E ya kinanda ni 329.6. Ni tofauti ndogo, ila kwaya iliyozoea kuimba bila ala huisikia, na mimi nimewasikia waimbaji wakilalamika kwamba kinanda "kinavuta juu". Hawajakosea. Wakiimba na kinanda, wakifuate.

Kodi nyingine na maumbo yake

Ukishajenga C, F na G kwa meja na kwa maina, nenda D, A na E. Hapa kuna mpangilio unaofurahisha. Meja za C, F na G ni nyeupe tupu, na maina zake zina kibao cheusi katikati. D, A na E ni kinyume, kwani maina zake ndizo nyeupe tupu, na meja zake ndizo zenye cheusi katikati. D maina ni D, F, A, na D meja ni D, F shapu, A. Kodi sita kwa meja na maina ni kodi 12, yaani nusu ya zote, na mkono umetumia maumbo mawili tu.

Zinazoanzia kwenye vibao vyeusi huogopwa bure. E flati meja, A flati meja na D flati meja zina umbo moja: cheusi, cheupe, cheusi. F shapu meja ni nyeusi tupu. Zihesabu mwenyewe badala ya kuniamini. Angalia pia B flati na B, ambazo hazifanani na nyingine yoyote na zinahitaji uvumilivu wa peke yake: B flati meja ni B flati, D, F, na B meja ni B, D shapu, F shapu. Mwanafunzi akibonyeza B, D, F kwa kufuata vyeupe tu, atapata hatua tatu na tatu tena. Hiyo si meja wala si maina, na kwa sasa aiache.

Kuhama bila kurukaruka

Anayeanza huipiga kila kodi ikiwa na mzizi wake chini, kwa hiyo mkono wake unaruka kutoka C hadi F, kisha hadi G, na msikilizaji anasikia mashimo. Dawa yake ni kukumbuka kwamba punje za kichala zinaweza kupangwa upya bila kichala kugeuka kingine. F meja ina F, A na C, lakini hakuna sheria inayotaka F iwe chini. Ukiwa kwenye C, E, G, bakiza kidole gumba kwenye C na usogeze vidole vingine viwili hadi F na A: umepata F meja, na mkono umehama kidogo sana. Kutoka C, E, G kwenda G meja, bakiza kidole cha mwisho kwenye G, ushushe C iwe B na E iwe D. Kutoka C meja kwenda A maina, kazi ni ya kidole kimoja tu, yaani G ipande iwe A, na unapata C, E, A. Huku mkono wa kulia ukifanya hayo, mkono wa kushoto upige mzizi peke yake, chini, kama wanavyofanya waimbaji wa besi. Mzizi ukiwa chini ya kushoto, sikio halipotei hata kama kulia kumepinduliwa.

Zoezi ninalolitoa ni C, A maina, F, G, kila moja kwa hesabu nne, taratibu sana, mapigo 60 kwa dakika, kwa msaada wa programu ya mapigo kwenye simu au saa ya ukutani inayogonga sekunde. Ukikosea, usirudi mwanzo. Rudia mpito ule mmoja uliokushinda, mara kumi, kisha uendelee. Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu vidole hukumbuka kwa kurudiarudia, si kwa wingi wa siku moja. Umeme ukikatika na kinanda chako hakina betri, pigia vidole juu ya meza huku ukizitaja sauti kwa mdomo. Utashangaa siku ya pili.

Kuchagua kodi ya kuusindikiza wimbo

Ukiwa kwenye C, kodi za do, fa na so ni meja, na za re, mi na la ni maina. Chukua wimbo mwepesi unaoujua kwa solfa, utazame sauti inayoangukia pigo zito, kisha utafute kodi iliyo na sauti hiyo ndani yake. Sauti ikiwa la, kwa mfano, kodi tatu zinaifaa: F meja yenye fa, la, do, A maina yenye la, do, mi, na D maina yenye re, fa, la. Zijaribu zote tatu na usikilize. Hapa mwalimu anaweza kushauri, lakini mwamuzi ni sikio, na mara nyingi kodi mbili zote huwa sahihi, kila moja ikiupa wimbo rangi yake.

Nimesema nitarudi kwenye kuhama kwa do. Vinanda vya umeme vina kitufe kinachopandisha au kushusha sauti zote, tunachokiita transpozi, nacho kimewafanya wapigaji wengi, mimi nikiwa mmojawapo kwa miaka kadhaa, wapige kila wimbo kwenye C. Jumapili moja nilikuwa nimekiweka juu hatua tatu ili kwaya iimbe kwenye E flati. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Waimbaji, kama ilivyo desturi ya kwaya nzuri, wakaendelea bila kutetereka. Umeme ulipowaka, kinanda kilikuwa kimerudi sifuri. Nilipiga C yangu kwa nguvu zote, na hatua tatu chini ya kwaya nikasikika na kanisa zima. Wiki hiyo nilianza kujifunza E flati, A flati, B flati na C maina, kwa kuhesabu nne na tatu, tatu na nne, kama nilivyoeleza.

Kwa upande wa sikio, tafuta mtu wa nyumbani, hata mtoto wa darasa la tatu, umwonyeshe C, E na G, na E flati. Mpe mgongo. Mwombe apige meja au maina kwa namna anayotaka, nawe utaje ni ipi. Mara ya kwanza utabahatisha. Ukipata kumi mfululizo, mhamishie kwenye D, kisha kwenye A flati, na umwache achague mwenyewe mahali pa kuanzia.